Kikombe chenye uzi mwekundu

Sokoni Korogwe bado wanauza vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu. Nikishika kimoja nakumbuka jikoni kwa bibi, kijijini Mazingara, na harufu ya uji wa mtama ulioungua kidogo chini.

Utotoni nilikuwa nakohoa damu. Watu walisema ni kifua kikuu, kwa hiyo bibi alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu, akakitundika peke yake nje ya mlango. Watoto wenzangu walikunywa uji ndani. Mimi nilikunywa kizingitini.

Siku tuliyorudi kutoka hospitali, mama alimwamkia bibi, kisha akasema, "Daktari anasema si kifua kikuu. Mshipa wa damu kwenye pafu umekaa vibaya. Hauambukizi."

"Umeanza lini?" bibi akauliza.

"Kazaliwa nao, mama."

Bibi alikitungua kikombe changu. Alinimiminia uji. Nilipofika nusu alinipokonya kikombe, akanywa uliobaki wote, akakata ule uzi kwa meno.

Jioni vikombe vilikuwa vimeoshwa na kupangwa pamoja. Nilivitazama kwa muda, sikujua tena changu ni kipi.