Antena Iliyoingizwa Ndani

Ashukuriwe Mungu, asiyehitaji mtandao ili atusikie. Binti yetu alikuwa Musoma hospitalini, akipasuliwa ajifungue, nasi nyumbani Butiama tukingoja simu ya mumewe huku radi zikipiga. Ghafla kifaa chetu cha kuongeza mtandao kikawaka taa nyekundu. Nilikizima, nikakiwasha, nikakaza nyaya, mtandao haukurudi.

“Antena ya nje iko wapi?” nilimuuliza mke wangu.

“Nimeiingiza ndani, mzee. Au ulitaka tuisimamishie radi bendera?”

Alikuwa ameilaza kabatini, kando ya kifaa. Vikikaribiana hivyo, mawimbi yake huvurugana na kifaa hujizima. Ngurumo zilikuwa bado juu yetu. Nikatoka nayo, nikaifunga kwenye nguzo yake nikisali kwa sauti. Simu ikaita.

“Baba, wote wazima,” alisema mkwe wetu.

Nawe msomaji, Mungu akulindie walio mbali nawe.