Jina la Damaris kwenye Mapanga

Mke wangu Damaris alikuwa mkata vichwa. Bonde zima lilimjua hivyo. Tulikuwa na banda la gemu: televisheni moja, pedi mbili, na gemu ya vita ambayo vijana waliiita Mapanga. Asubuhi alikaanga vitumbua mlangoni, mchana anaketi kwenye benchi kuwachinja wanaume.

"Mama, niachie hata mkono," Gwamaka, mmoja wa vijana wa benchi, alimwambia siku moja.

"Mkono wa nini, na kichwa huna?"

Kioo kinajaa damu, benchi zima linapiga kelele. Watu walitoka Bujonde kwa baiskeli, miguuni bado tope la mpunga. Mlevi mmoja alishindwa, akampiga kofi. Damaris alimvunja meno mawili kwa kikaango, kisha akarudi kuketi.

Ikaja Mapanga ya pili, ikaja ya tatu. Kwenye ya tatu mashine iliandika washindi, na la juu lilikuwa jina lake. Mimi sikusoma, lakini jina lile nalijua.

Ya nne ndiyo iliyoharibu. Ilitaka intaneti kila saa, inagandaganda, panga linapita mwilini kama moshi. Vijana wakatukana, wakahamia kwenye simu. Damaris akarudi kwenye ya tatu. Alibaki Gwamaka peke yake.

Mwezi wa nne Damaris akafa. Homa, siku mbili.

Kwetu wanaume hawakai tu msibani. Tulicheza na mikuki, tukachoma ardhi kwa hasira. Gwamaka hajui kucheza ngoma. Akataka kumlilia kwa kile anachokijua. Akatoa televisheni na mashine uani, akaweka Mapanga ya tano, mpya kabisa, heshima ya marehemu. Mashine ilikuwa imejaa. Akafuta ya tatu.

Nikatazama kioo. Jina hakuna.

"Liko wapi?"

"Tata, baba yangu, ile ilikuwa ya zamani, nime..."

Mkuki ulimwingia begani ukatokea nyuma. Nikauchomoa, nikauinua tena. Shemeji zangu watatu wakanilalia. Mmoja nilimng'ata sikio mpaka damu ikajaa kinywani. Nilitaka kuua. Sisemi uongo.

Gwamaka alipona, ila mkono wa kushoto haunyanyuki. Polisi aliwaambia aliteleza kwenye ngoma.

Mwezi wa saba akaja mwenyewe bandani. Alikuwa ameitafuta ile ya tatu mpaka akaipata. Akaweka pedi magotini, akaanza. Anakatwa, anamtukana aliyemkata, anaanza tena. Kila akiambiwa aandike jina, anaandika la Damaris. Wiki tatu hivyo. Siku moja mchana likapanda, likakaa juu.

"Ndaga," nikamshukuru.

Akajifuta jasho kwa mkono ule mzima. "Asije mtu akamtoa, tata."

"Atokee wapi?"

Tukatazama mlangoni. Kwenye benchi tulikuwa sisi wawili.