Mkono wa Herufi ya Kwanza

Nilikuwa nikifanya kazi za nyumbani kwa familia ya Kibengali huko Mirdif, Dubai, mwaka ambao binti yao wa pekee alitimiza miaka minne. Kwao mtoto haanzi kuandika hivi hivi. Husubiriwa sikukuu ya mungu wao wa kike wa elimu, kisha mkubwa aliyesoma humshika mkono na kumwandikisha herufi ya kwanza kwenye kibao. Siku hiyo vitabu vyote huwekwa mbele ya picha ya mungu huyo, na zaidi ya herufi hiyo hakuna anayesoma wala kuandika mpaka kesho yake.

Mkubwa huyo alikuwa bibi, mama yake sir, mwenye nyumba. Alifundisha fasihi ya Kibengali katika shule ya wasichana Kolkata mpaka akastaafu, na alikuja Dubai kwa ajili ya herufi hiyo moja. Lakini tangu augue, mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Asubuhi nikikata mboga, yeye alikaa jikoni na kibao, akiandika, akifuta, akiandika tena.

Sir alijitolea kuandikisha yeye. Mama yake akamjibu kwamba tangu ahamie Ghuba hajamwandikia hata salamu kwa Kibengali. Madam, mkewe, aliyezaliwa hapa hapa Dubai, alikisema tu, hakujua kukisoma. Akapendekeza tableti, kwa kuwa ina programu ya kumfundisha mtoto herufi kwa kidole. Bibi hakubisha. Sikukuu ilipofika, aliichukua tableti akaiweka mbele ya picha pamoja na vitabu, na mtoto akakosa katuni siku nzima.

Bibi alimpakata mtoto, akamshika mkono. Chaki ikagonga kibao na kuacha nukta nukta. Akafuta. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama na sinia la kunazi, vitunda ambavyo kwao haviliwi kabla ya ibada.

"Uliniambia uliwafundisha wadogo zako kuandika," alisema kwa Kiingereza chake cha darasani.

"Kwa mkaa, sakafuni. Wazazi walipofariki mimi niliishia darasa la tano, bibi."

"Sijakuuliza uliishia wapi. Shika mkono wangu. Wa mtoto niachie mimi."

Niliweka sinia chini, nikamshika kifundo cha mkono kama nilivyowashika wadogo zangu, si kwa nguvu, ila bila kulegeza. Chaki ikazunguka, ikapinda, ikashuka. Herufi ilitoka imelala upande.

Madam akaomba irudiwe, itoke vizuri kwenye picha aliyokuwa akiipiga kwa simu. Bibi akakataa, ya kwanza hairudiwi.

"Ndiyo yenyewe?" mtoto aliuliza.

Bibi aliikagua kama anayesahihisha kazi ya mtoto wa watu.

"Inasomeka," alisema, akaurudisha mkono wake ndani ya pindo la sari. Nikaanza kugawa kunazi.