Ngazi za Jumba la Kopo la Biskuti

Harufu ya siagi ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa dukani mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, Uchina, nikichagua mashuka ya kupeleka Tanga, laoban, yule mwenye duka, alipofungua kopo la biskuti atukaribishe. Kwenye kifuniko palichorwa kijiji cha mawe cha Uskoti, barabara ikipanda hadi kwenye jumba kuukuu lenye saa na ngazi za nje.

"Dada Zuhura, biskuti chungu?" mwenzangu Mwanaidi akanitania, maana macho yalishalowa.

Kopo kama lile lilikuwa kwetu; mama alitunzia humo sindano na nyuzi. Yeye na baba walipofariki, kila jioni niliwatembeza wadogo zangu kijijini humo kwa vidole, juu ya kifuniko. Salimu alipenda kuchelewa kwenye maua. Rehema, miaka minne, alichoka njiani, kidole changu kikambeba. Sheria ilikuwa moja: ngazi hazipandwi mpaka tutimie wote. Ndani ya jumba, niliwaambia, wazee huwasikiliza wenye shauri.

Siku ya arobaini, baada ya dua, ndugu wakaketi kutugawana: Salimu Tabora, Rehema Lindi, mimi nibaki Tanga. Rehema akaja na kopo, sindano zikichezacheza ndani, akaliweka mkekani mbele ya baba mkubwa.

"Hatupandi mpaka tutimie," akasema.

Watu wakacheka. "Huyu anapanda wapi?" baba mkubwa akauliza.

Nikamweleza mchezo wetu wa ngazi, nikaongeza kwamba naacha shule, nitakaanga maandazi, ila tusitenganishwe. Kicheko kikakatika. Shangazi akajifunga kanga upya, akasema:

"Basi nahamia mimi hapa. Heri ahame mmoja kuliko kutawanya watatu."

Mwaka jana Rehema, sasa muuguzi hukohuko Uskoti, alitualika. Kijiji kipo kweli, niwaambie, na saa inatembea. Mlinzi akatueleza kwamba zamani jumba lile juu lilikuwa baraza la wazee wa mji, chini gereza.

"Kumbe ulikuwa unatupeleka jela," Salimu akasema, kisha akabaki nyuma kupiga picha za maua. Tukamngoja. Tukapanda pamoja, vichwa juu kama wenye jumba.

Katikati ya ngazi nikaelewa. Siku zote nilidhani sheria ile niliitunga ili mdogo asiachwe. Aliyeogopa kuachwa nilikuwa mimi, na mdogo ndiye aliyeitetea.

Pale dukani, laoban alitaka kuniuzia katoni nzima. Nikachukua kopo moja. Sisi watatu hatukuwahi kuhitaji zaidi.