Mgonjwa Nisiyeruhusiwa Kumgusa

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi, na kwa miaka miwili nilimuuguza baba mkwe wangu nikiwa nimesimama nje ya mlango. Kwetu Malava mke wa mwana hamgusi baba wa mumewe, hakai naye meza moja, na chumba chake cha kulala ni mwiko kabisa. Haya, sasa wewe muuguze!

Ugonjwa wake ulikuwa wa misuli kukataa amri ya neva. Asubuhi mzima, adhuhuri kope zinamwangukia, jioni hata mate yanamshinda kumeza. Vidonge vyake vilitaka saa kamili: nusu saa kabla ya obusuma, ugali wetu, la sivyo tonge lingemkaba. Nilimpa mama mkwe kidonge pale mlangoni, naye akaingia. Maswali yangu yalipitia kwake, majibu yakarudi yamepungua nusu. Niliuchukia mlango ule, wacha niseme ukweli.

Jumamosi moja nilitoka zamu nikamkuta mama mkwe ameketi kizingitini.

"Ana homa tangu jana," akasema. "Nikamwita yule wa kliniki ya sokoni, amemdunga."

"Amemdunga nini, mama?"

"Si ni malaria? Malaria tunachomanga kwinini."

Kwinini imeokoa wengi kwetu, lakini kwa misuli kama ile ni sumu. Nilikuwa nimelisema hilo mara mbili pale pale mlangoni, na halikumfikia mgonjwa mwenyewe. Hasira ilinipanda, juu ya mama mkwe na juu yangu zaidi, kwa kukubali kuzungumza na ukuta.

Ndani nikasikia mkoromo wenye maji. Nikaingia.

"Wololo, mayi! Unaenda wapi?"

"Mama, utanikemea baadaye!"

Alikuwa amelala chali, midomo imegeuka rangi, mate yamemjaa kooni. Kope zilikuwa nusu, lakini aliniona. Niliona aibu machoni mwake kabla sijaona hofu. Nikamgeuza ubavu, nikamtoa mate kwa kidole na kitambaa. Kifua kikapanda kidogo, kisha hakikupanda tena. Nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wa baba mkwe, nikapuliza. Nilipuliza mpaka pikapu ya jirani ikaja, na nyuma ya pikapu, watu wakitazama, nikapuliza hadi Kakamega. Hospitalini walipompokea kwa mashine ya hewa, niliketi sakafuni nikalia.

Alirudi baada ya wiki tano. Ndugu zake walikuwa wameshaamua: ichinjwe ingokho, kuku wa kuondoa mwiko, niombe radhi, nisikanyage tena chumba kile. Nilijua nikifungiwa nje, homa nyingine itamzika. Lakini nani angenisikiliza?

Siku ya kuku huyo wazee waliketi mezani, mimi nikapitisha maji ya kunawa kisha nikasimama mbali. Baba mkwe alitafuna polepole, halafu taya likamchoka, likaanguka, nyama ikiwa mdomoni. Wanaume wote wakatazama sahani zao. Mama mkwe akainuka kumsaidia. Baba mkwe akamzuia kwa mkono.

Akaninyooshea kidole mimi.

Nikasogea. Mbele ya ndugu zake wote aliushika mkono wangu, akauweka chini ya kidevu chake, akaendelea kutafuna.