Mwikali Alipoenda Uganda

Harufu ya mafuta ya kitani bado hunirudisha Nunguni, kwenye baraza ya nyumba yetu, ambako dada yangu Mwikali alikuwa akiketi kulipaka mafuta gongo lake la kriketi. Kijijini hakuna aliyeujua mchezo huo. Akina mama wa kanisa waliuliza kama lile gongo ni mwiko wa kusongea ugali wa harusi, na Mama akacheka hadi akashika mbavu. Mwikali alikuwa amefunzwa shuleni, na alipomaliza kidato cha nne akachaguliwa kwenda Uganda na timu ya taifa ya wanawake.

Mama alimfungia chapati kwa gazeti, akamsindikiza hadi stendi, ukungu bado umefunika migomba. Alikuwa akikohoa.

"Ni baridi tu," alisema.

Wiki iliyofuata alilazwa hospitali, akafia huko. Shangazi Kalondu, dadake Baba, alimsihi Baba aende posta ampigie Mwikali simu. Baba alikataa kwa sauti kavu mpaka nikamwogopa.

Mwikali alifika Jumamosi, amevaa blezi ya timu, kitenge alichomnunulia Mama kwapani. Alipowaona akina mama wa kanisa uani alidhani wamekuja kumpokea, akapiga vigelegele. Hakuna aliyeitikia.

"Mama ako wapi?"

Baba alisimama. "Tulimzika Jumanne."

"Na hamkuniita?"

"Ni mimi nilikataa."

Mwikali hakucheza tena. Kwa miaka alikuja Krismasi, akapika, akaondoka bila kumpa Baba mkono. Nami nilikua nikiamini Baba ana moyo wa jiwe.

Tulipomzika Baba, Shangazi alituketisha jikoni. Mama ndiye aliyekataa, alisema. Akiwa kitandani alimwapisha Baba kwamba Mwikali asiitwe mpaka amalize kucheza.

"Nikamwambia ndugu yangu, mwambie mtoto ukweli. Akasema, 'Wacha anikasirikie mimi. Akimkasirikia mama yake, watapatania wapi?'"

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba ule ukali wa Baba ulikuwa kilio, na kwamba alikuwa amekizuia hadi kufa kwake.

Mwikali alitoka nje akasimama katikati ya makaburi mawili, na kwa muda mrefu hakujua ageukie lipi.