Jina Lilibaki Kwenye Anwani

Leo ni Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi wa tisa, na ni miaka ishirini na mmoja tangu nitoke kijijini kwetu, upande wa Djugu, nikiwa na suruali moja na redio isiyo na betri. Nina umri wa miaka sitini na tisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sasa naishi Bunia na mke wangu katika nyumba ya kupanga. Admin, nakuomba unifiche. Rafiki nitakayemtaja nimemwita Baba Mapasa, yaani baba wa mapacha. Si jina lake. Safari hii nimelibadilisha kabla ya kuandika herufi ya kwanza, na mtaelewa kwa nini.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika blogu. Mwalimu mwenzangu aliniwekea kwenye kompyuta programu ya kuandikia: unaandika bila mtandao, unasahihisha mpaka uridhike, kisha mtandao ukija unabonyeza "Publier" na makala inakwenda. Niliandika habari za kijiji, majina ya mashamba, nani alioa wapi, nani alizikwa wapi. Watu wetu waliotawanyika hadi Kisangani na Kampala wakawa wananisoma. Mke wangu alinicheka: "Muzee, siku hizi hauongee tena na mimi. Uliolewa na ile masini."

Mwezi uliopita, kwa kuwa barabara imetulia kidogo na wengine wameanza kurudi kulima, nami nilijiandaa kuwafuata, niliona wakati umefika wa kumshukuru Baba Mapasa. Yeye ni wa kabila la upande wa pili wa vita vilivyonitoa kijijini. Siku watu wa kwao walipokuja kunitafuta waniue, aliniingiza kwenye ghala lake, akanifunika kwa mahindi, akasimama mlangoni. Nilimsikia akiwaambia watu wake mwenyewe: "Mwalimu amepita hapa mbio, ameenda kwenye mto." Wakaenda mtoni. Mimi nikatoka kwa njia nyingine, na sikurudi.

Nikaandika yote hayo. Kichwa kilikuwa "Baba Mapasa alinificha." Mtandao ulikuwepo, nikabonyeza, nikaenda mezani.

"Uliandika na jina yake?" mke wangu akauliza.

"Niliandika. Wema una mwenyewe."

"Na yeye si iko anaishi na wale watu mpaka leo?"

Sikumaliza sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilirudi kwenye kompyuta, nikaiamuru programu ibadilishe jina lile kila mahali liwe "jirani mmoja", kichwa kikawa "Jirani alinificha", nikabonyeza tena. Kisha nikaisoma mara tatu kama ninayesahihisha mtihani. Jina halikuwepo. Nikatulia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba makala inapotoka mara ya kwanza, blogu huitungia anwani kutokana na kichwa chake, na anwani hiyo haibadiliki hata ukibadilisha kichwa. Kwa hiyo kule juu kabisa, kwa herufi ndogo na vistari, palibaki: baba-mapasa-alinificha. Mstari huo sikuwahi kuuhesabu kuwa ni maandishi.

Msomaji mmoja, kwa nia njema, aliituma anwani ile kwenye kundi la simu la kijiji. Ijumaa Baba Mapasa akanipigia. Kwa kawaida hunipigia kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Safari hii alinong'ona.

"Mwalimu, weye uliandika nini?"

"Wema wako. Lakini jina nilitoa."

"Ulitoa wapi? Iko pale juu, kila mutu anaisoma. Kaka yangu alikuja asubuhi. Nilimupa kiti, akakataa. Akaniuliza: ni weye ulituma mutoto wangu kwenye mto?"

Hapo ndipo nilipojua jambo alilonificha miaka yote hii. Waliokwenda mtoni kunitafuta walivamiwa huko na watu wa upande wetu. Walikuwa watatu, hakurudi hata mmoja wa kusimulia, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kaka yake. Tangu siku ile kijiji kinauliza nani aliwaelekeza kule, na yeye amekaa nao msibani, ameuliza pamoja nao.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimuambia mwalimu amezeeka, anatunga mambo. Unisamehe, nilikuita mupumbavu." Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Sasa uandike vile. Useme ulitunga. Na ile mambo ya kuja kulima, uache. Usikuje. Wakituona tunasalimiana, watasoma kwenye uso."

Nimeifuta makala. Haikusaidia. Ukibonyeza ile anwani hukuti kitu, lakini anwani yenyewe imekaa kwenye simu zao, na jina ndani yake.

Juzi kaka yake alinipigia mwenyewe. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za mke wangu. "Mwalimu, tunakungoja. Kuja utuonyeshe kwa mudomo yako nani alikuficha. Usiogope, sasa ni amani. Ni amani." Alilisema mara mbili. Mke wa Baba Mapasa tayari amekwenda kwa ndugu zake. Pikipiki ikisimama karibu na uzio wetu, mimi na mke wangu tunazima taa mpaka iondoke.

Kwenye programu nina makala mpya ambayo haijatoka. Ina sentensi moja: "Habari ya ghala niliitunga." Nikiibonyeza, wafu wote niliowaandika kwa majina yao watakuwa ngano za muzee, na mtu pekee aliyesimama mlangoni siku ile nitakuwa nimemfuta kwa mkono wangu. Nisipoibonyeza, kaka yake ataendelea kungoja jibu, na nyumba zao zimetenganishwa na ua mmoja wa vichaka vya miyenzi. Tena sijui kama wataniamini.

Ninyi mnaosoma, mlio mbali na woga huu, niambieni: nibonyeze, au ninyamaze? Kijijini sitarudi.